Uaminifu na Sanduku Lisilo Mlinzi

Watu wengi, waulizwapo kama uaminifu ni tabia njema, hujibu pasi na kufikiri kuwa ni njema, na kwamba kila aliye mwaminifu ni mtu mwema. Jawabu hilo nasi tulikuwa nalo tangu utotoni, wala hatukupata kulitia shaka mpaka siku moja ya mwezi wa Oktoba tulipoingia nchi ya Uswisi kwa mara ya kwanza, katika safari yetu ya Ulaya. Siku hiyo moja, tangu asubuhi hadi baada ya Isha, ilitupitisha katika mambo kadhaa, na kila moja lilikuwa ni suala juu ya neno hilo hilo. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu mambo hayo, pamoja na lile la mwisho, ambalo lau si haki ya ukweli tungalipenda kulificha.

Tulitoka Milano, katika Italia, kwa gari la moshi, sisi na mwenzetu mmoja. Tulipofika mpakani waliingia maafisa wawili. Behewa lilikuwa limejaa watu. Maafisa wale wakapita baina ya viti wasiseme neno na mtu, hata walipofika kwetu wakasimama na kutaka pasi zetu. Wakazitazama, wakatutazama, wakauliza twenda wapi, kwa nani, na kwa siku ngapi. Kisha wakaturudishia kwa adabu, wakaenda zao. Hawakututukana wala hawakutunyang'anya kitu. Lakini Uswisi iliingia katika mapatano ya Schengen mwaka 2008, na tangu hapo msafiri avukaye mpaka ule hatakiwi pasi kama desturi. Basi aulizwaye ni yule aliyechaguliwa. Sisi tulijua tumechaguliwa kwa ajili ya rangi zetu na kofia zetu.

Jambo hilo lilituchoma. Tulipita milima mikubwa ambayo watu hutoka mbali kuja kuitazama, nasi hatukuitazama. Tuliingia katika handaki la Gotthard, lililofunguliwa mwaka 2016, lenye urefu wa kilomita 57, karibu sawa na mwendo wa kutoka Mombasa hadi Kilifi, lote chini ya mlima. Tulikaa gizani takriban dakika 20, na dakika zote hizo tulikuwa na maneno ya namna moja tu: watu hawa hawatuamini.

Tulipobadilisha gari Arth-Goldau na kufika Luzern, tulipokewa na ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, aliyeoa huko na kukaa miaka mingi. Jambo la kwanza tulilomuuliza ni: mlango wa kuonyeshea tikiti uko wapi? Akacheka. Akatwambia kuwa stesheni za nchi ile hazina mlango wa namna hiyo. Mtu hukata tikiti yake, akapanda, akashuka, na huenda asiulizwe na mtu yeyote, khasa katika magari ya mwendo mfupi. Wako wakaguzi wapandao kwa ghafula, na asiye na tikiti hutozwa faini iliyo kubwa mara nyingi kuliko nauli. Lakini yeye mwenyewe hupanda siku nyingi asimuone mkaguzi.

Mwenzetu akasema, "Basi hapo hakuna uaminifu. Kuna hofu ya faini tu." Neno hilo lilitupendeza, kwani tulikuwa tungali na uchungu wa asubuhi. Lakini tulipolipima tuliliona halisimami. Lau kila abiria angekuwa amengojea mkaguzi ndipo alipe, nchi ile ingehitaji mkaguzi mmoja kwa kila abiria, na mkaguzi wa kuwakagua wakaguzi. Faini ni ya kuwazuia wachache. Walio wengi hulipa kwa kuwa wamezoea kulipa, na kwa kuwa kila mmoja amwona mwenziwe alipa. Sharia yaweza kuulinda uaminifu, haiwezi kuuzaa.

Mwenzetu akaleta hoja ya pili: "Hawa wameshiba. Aliyeshiba ataiba nini?" Hoja hii twaisikia sana kwetu. Ndugu yetu hakujibu, bali alituchukua kwa miguu hadi mahali palipo jabali kubwa mbele ya kidimbwi cha maji, na katika jabali lile amechongwa simba anayekufa, mkuki umevunjikia ubavuni mwake. Mchoro wake ulitolewa na fundi wa Denmark, Thorvaldsen, na kazi ikamalizika mwaka 1821. Juu yake pameandikwa kwa Kilatini maneno ya kuwasifu Waswisi kwa uaminifu na ushujaa.

Simba yule ni ukumbusho wa askari wa Kiswisi waliouawa Paris tarehe 10 Agosti 1792, walipokuwa wakilinda jumba la mfalme wa Ufaransa, Louis wa 16, siku watu wa mji walipolivamia. Waliuawa kwa mamia. Na walikuwa wakifanya nini huko, katika nchi isiyo yao, wakimlinda mfalme asiye wao? Walikuwa wakitafuta riziki. Kwa karne nyingi nchi ile ya milima ilikuwa na watu wengi kuliko chakula, na vijana wake walikodishwa kwa wafalme wa Ulaya kuwapigania vita vyao. Basi si kweli kwamba watu wale walijua uaminifu baada ya kushiba. Walisifiwa kwa uaminifu wangali na njaa.

Lakini tuliposimama mbele ya simba yule hoja nyingine ilitujia. Askari wale walitimiza ahadi, nasi hatuna haki ya kuwalaumu maiti walioshika kiapo chao. Ila ahadi ile ilikuwa ni ya nani, na juu ya nani? Mfalme alilipa mshahara, na risasi zikawapata watu ambao askari wale hawakuwa na ugomvi nao. Jiwe lasifu uaminifu tu. Haliulizi uaminifu ule ulitumiwa kwa kazi gani.

Hapo tukakumbuka mabenki. Mwaka 1934 Uswisi ilitunga sharia iliyofanya kuwa ni kosa la jinai kwa mtumishi wa benki kutoa siri ya mwenye kuweka fedha. Kwa sharia hiyo mtu aliyeogopa kunyang'anywa mali yake aliweza kuihifadhi. Na kwa sharia hiyo hiyo mtu aliyewanyang'anya wengine aliweza kuihifadhi mali yao. Mali aliyoiba Jenerali Sani Abacha, mtawala wa Nigeria aliyefariki mwaka 1998, nyingi ilionekana huko, na baadaye mamia ya mamilioni ya dola yakarejeshwa Nigeria. Ama ile iliyopatikana ya Mobutu wa Zaire, iliyozuiwa tangu alipoanguka mwaka 1997, ilikuwa kidogo tu, na mwaka 2009 ikabidi iachiwe warithi wake, kwa kuwa muda wa kumshitaki mtu kwa sharia ya nchi ile ulikuwa umekwisha pita. Wakongo waliokuwa na haki nayo hawakupata kitu. Waswisi wenyewe waliliona kosa hilo, wakaweka sharia mpya, iliyoanza kutumika mwaka 2016, ya kuzuia na kurejesha mali za namna hiyo.

Sasa tazameni, ndugu wasomaji. Yule karani wa benki aliyefunga mdomo wake miaka yote hiyo, je, hakuwa mwaminifu? Alikuwa mwaminifu sana. Aliaminiwa siri, akaihifadhi. Lakini mali iliyoibwa ina watu wawili: aliyeiweka na aliyeibiwa. Mwenye kumtimizia amana mwizi amemfanyia khiyana mwenye mali. Uaminifu basi ni kama kamba. Kamba humfunga ng'ombe asipotee, na kamba hiyo hiyo humfunga asiye na kosa. Haitoshi kuuliza, "Je, mtu huyu ni mwaminifu?" Yatupasa tuulize pia, "Mwaminifu kwa nani, na nani adhurikaye kwa uaminifu wake?"

Tuliswali Alasiri katika chumba cha ghorofa ya juu, katika jengo ambalo chini yake yatengenezwa magari. Nje hapana alama yoyote ya msikiti. Ndugu yetu akatukumbusha kuwa tarehe 29 Novemba 2009 watu wa nchi ile walipiga kura, na asilimia 57.5 wakakubali kuwa minara ya misikiti isijengwe tena. Wakati ule nchi nzima ilikuwa na minara minne. Haki yataka tuseme pia kuwa serikali yao na bunge lao waliwashauri wananchi wasilikubali jambo hilo, na kwamba zaidi ya wanne katika kila kumi walilikataa. Lakini sisi tulilichukua tukalitia pamoja na yale ya asubuhi na ya mabenki, na tuliposhuka stesheni ya kijijini kwa ndugu yetu, baada ya jua kuchwa, tulikuwa tumekwisha toa hukumu juu ya umma mzima.

Ndugu yetu alikuwa ametangulia na mizigo kwa gari ya mkewe, ambayo haikuwa na nafasi ya watu wote, nasi tukenda kwa miguu, kwani nyumba haikuwa mbali. Njiani tulipita shamba la ng'ombe. Kando ya barabara palikuwa na kibanda kidogo, na ndani yake mayai, maboga, na mifuko ya matufaha. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na karatasi ya bei, na sanduku dogo la mbao lenye tundu la kutilia fedha. Mfuko mmoja wa matufaha ulikuwa faranga 5. Hatukutaka kuingia nyumba ya watu mikono mitupu. Noti yetu ya Uswisi ilikuwa moja, na kubwa. Katika mfuko tulikuwa na sarafu za Italia tu. Tukatia yuro 3. Sarafu zikalia katika sanduku kama zinavyolia sarafu nyingine zote, tukachukua mfuko wetu, tukenda zetu. Tulijiambia kuwa ni tofauti ndogo. Tulijiambia pia, na hili ndilo tulionalo haya kulisema, kuwa nchi iliyohifadhi mali za Waafrika haitafilisika kwa faranga mbili.

Ndugu yetu ana mtoto wa miaka tisa. Aliyaona matufaha akafurahi, akataja jina la mzee mwenye shamba, ambaye humpa maziwa. Kisha akauliza, kama waulizavyo watoto, "Ami, mumetia ngapi?"

Hatukuweza kumjibu. Tulimwomba baba yake atuvunjie noti, tukachukua taa, tukarudi barabarani katika baridi, mtoto mbele akituonyesha njia. Tulitia faranga 5 kamili, na zile yuro tukaziacha.

Usiku ule tulijihesabu. Mchana kutwa tulikuwa tumezungumza juu ya uaminifu: wa wenye reli, wa askari, wa mabenki, wa wapiga kura. Katika yote hayo, sisi ndio tuliodai. Hatukupata hata mara moja kuuliza sisi twadaiwa nini. Na lilipofika suala la sisi kujibu, lilikuwa ni suala jepesi kuliko yote. Pale hapakuwa na mfalme wala siri ya mwizi. Palikuwa na mkulima mmoja tusiyemjua, ambaye hakutuuliza pasi, wala hakutazama kofia zetu, ameweka mali yake mbele ya mkono wowote upitao. Mtu aliyetuamini ndiye yule yule ambaye angedhurika. Hapo uaminifu hauna shaka yoyote kuwa ni wema, na hapo ndipo tulipopunguza mizani. Sisi ambao tumeisoma Suratul Mutaffifin tangu chuoni tulidhani wapunjao waliotajwa mle ni wenye maduka peke yao.

Kosa letu halikuwa katika hoja. Twaamini hata leo kuwa afisa yule wa mpakani hakututendea haki, na kwamba siri ya benki imewadhuru maskini wa Afrika. Kosa lilikuwa ni kuigeuza dhulma ya mmoja kuwa ruhusa juu ya mwingine. Mkulima hakuwa benki. Mtu aliyeudhiwa huona kama ana deni analolidai kwa kila amkutaye, na deni hilo halilipwi likesha.

Wako watu warudio kutoka Ulaya wakasema kuwa huko wameona wema wa dini bila wenye dini, na huku kwetu wawaona wenye dini bila wema wake. Neno hili halitupendezi, kwani lawasifu wale kupita kiasi na kuwasingizia watu wetu. Kwetu pia abiria aliyeketi nyuma katika matatu hutoa nauli yake ikapita mikononi mwa watu asiowajua hadi kwa utingo, na chenji yake ikarudi kwa mikono hiyo hiyo, isipungue. Hilo ni sanduku lisilo mlinzi, ila hatulioni kwa kuwa tumelizoea. Msafiri asiende kwa watu ili arudi awadharau wake, wala asiende ili awatafutie makosa ya kujifichia.

Basi twawaomba wasomaji wetu, kabla ya kuhukumu uaminifu wa kaumu yoyote, kila mmoja alitafute sanduku lake: ile kazi aifanyayo bila msimamizi, ule mzani aushikao, ile mali ya yatima au ya chama iliyo mkononi mwake na ambayo hakuna aihesabuye. Atazame ametia ngapi. Na akiona amepunguza, arudi usiku huo huo, asingoje asubuhi.