Toba Isiyorudisha Kitu

Makanisani siku hizi nasikia zaidi habari za upenyo na milango kufunguka. Dhambi ikitajwa, mara nyingi ni mavazi ya mabinti. Watu wa Uamsho, ule wa Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, uliosambaa hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, walitubu kwa namna nyingine: unasimama mbele za watu, unataja ulichoiba, kisha unakirudisha. Siwapambi. Wapo walioungama hadi ya chumbani wakaaibisha wasiohusika. Lakini mwenye jembe lake alilipata.

Hata Zakayo, kwenye Luka 19, hatusomi kwamba alilia. Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliowadhulumu kuwarudishia mara nne. Ndipo akaambiwa wokovu umefika nyumbani kwake.

Mimi nimefuatisha sala ya toba mara tatu, mkono juu, nikarudi nyumbani mwepesi. Mara zote hizo nilikuwa nadaiwa shilingi 80,000 na mama ntilie aliyenilisha kwa mkopo nikiwa chuo. Hakuna mhubiri aliyeniuliza, na mimi, kusema kweli, nilifurahi kutoulizwa. Juzi nikampigia mama yule. Namba haipatikani.