Mfumo Mpya, Kadi ya Zamani na Kipofu wa Bethsaida



Leo naomba tuanzie kwenye kompyuta, Injili tutaifikia. Kuna jambo dogo la kiufundi ambalo vijana wengi wa parokia wamekutana nalo mwaka huu, na kila nikilifikiria naona linasema kitu juu ya roho zetu.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, mfumo endeshi uliotoka mwaka 2015. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Ziliendelea kuwaka kama kawaida, ila yale marekebisho ya usalama ya kila mwezi yakakoma kwa asiyejiandikisha muda wa nyongeza. Windows 11 nayo ina masharti yake: inataka TPM 2.0, yaani chipu ya kutunza funguo za siri, na prosesa iliyomo kwenye orodha yao. Sasa kompyuta zetu za mezani, zile za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya, nyingi ni za mwaka 2012 au 2013. Hazimo. Kwa hiyo wengine wameamua kuhamia Linux, ambayo ni bure na haina makuu. Mimi nauunga mkono uamuzi huo. Papa Fransisko katika Laudato Si' alituonya juu ya utamaduni wa kutupa, na kompyuta inayofanya kazi si takataka jamani.

Lakini baada ya kuhama, wengine wanashangaa. Mfumo umeingia vizuri, unawaka haraka, kila kitu kisafi. Halafu unafungua video ya kwaya iliyorekodiwa Jumapili ya Matawi: inakwamakwama. Ukivuta dirisha, linaacha mkia. Picha inakatika katikati, kichwa cha mwalimu wa kwaya kiko huku na mabega yako kule. Mtu anakata tamaa, anasema, "Nimehama bure."

Hujahama bure. Shida iko kwenye kadi ya grafiki. Chukua GeForce 210 ya NVIDIA, kadi ndogo ya mwaka 2009 ambayo bado utaikuta ndani ya mashine za umri huo. Draiva za kadi za kizazi hicho NVIDIA waliacha kuziendeleza mwishoni mwa 2019. Kwenye Linux ya leo inabaki na draiva iliyoandikwa na watu wa kujitolea kwa kuichunguza kadi kutoka nje, inaitwa Nouveau (ni Kifaransa, maana yake "mpya", fikiria!). Picha unaipata, lakini kadi mara nyingi inabaki kwenye mwendo wa chini ule ule iliowashiwa nao. Basi una mfumo mpya unaotazama dunia kwa jicho la zamani.

Fungua Marko 8, aya ya 22 hadi 26. Ni Marko peke yake anayetusimulia habari hii. Watu wanamleta kipofu kwa Yesu pale Bethsaida. Yesu anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamtemea mate machoni, anamwekea mikono, kisha anamuuliza kama anaona kitu. Hebu tulia hapo. Ni wapi pengine Yesu anamponya mtu halafu anamuuliza kama imefanya kazi? Na yule mtu anajibu ukweli: anaona watu, ila wako kama miti, tofauti yao ni kwamba wanatembea. Yesu anamwekea mikono mara ya pili. Hapo ndipo anaona kila kitu waziwazi.

Watu kama miti. Mti unaukata kuni. Mti unajipumzisha kivulini mwake ukichoka, ukishapoa unaondoka. Mti ukiwa njiani unauzunguka. Hakuna anayeusalimia.

Kijana mmoja aliwahi kuniandikia usiku, wiki tatu baada ya mafungo: "Frateri, nimefuta kila kitu kwenye simu. Picha zote, video zote. Lakini macho ni yale yale. Nikipita sokoni, wale dada siwaoni kama watu. Nadhani kwenye mafungo nilikuwa naigiza." Akaongeza kwamba haoni sababu ya kurudi kuungama, maana atakuwa anamdanganya Mungu.

Nina hakika kuna wengi wa namna hiyo wanaosoma hapa. Si kwa dhambi hiyo tu. Ulipokea Kipaimara, ukalia machozi ya kweli, na Jumatatu yake ukamfokea dada wa kazi kama unavyopiga teke kiti. Ulirudi kutoka kongamano la vijana umejaa nyimbo, ukafika nyumbani ukamkuta baba amelewa, na ukamtazama kwa dharau ile ile ya siku zote. Shetani hana haja ya kukuletea dhambi mpya hapo. Anakunong'oneza tu kwamba uongofu wako ulikuwa feki.

Sasa soma mbele kidogo kwenye Marko. Mara tu baada ya kipofu huyu, Petro anakiri kwamba Yesu ndiye Kristo. Safi kabisa! Aya chache baadaye Yesu anaanza kusema habari za mateso, na Petro huyo huyo anamvuta pembeni kumkemea. Aliona, lakini Kristo wake bado alikuwa mti: kitu cha kumpa kivuli, si Bwana wa kumfuata msalabani. Yesu alimkaripia kwa ukali sana, lakini hakumwambia kwamba ukiri wake wa mwanzo ulikuwa uongo. Wala hakumfukuza.

Na Kanisa linalijua hili. Katekisimu, namba 1426, inafundisha kwamba maisha mapya tunayoyapata katika sakramenti za kuingizwa katika Ukristo hayajaufuta udhaifu wa umbile letu wala mwelekeo wa kutenda dhambi. Umebaki ndani ya wabatizwa, ili kwa msaada wa neema wapambane nao. Kwa hiyo jicho lile lile wiki tatu baada ya mafungo si ushahidi kwamba ulidanganya. Una mfumo mpya, na sasa kazi ya jicho imefika.

Turudi kwenye kasha la kompyuta. Unabadilishaje kadi? Kosa la kawaida ni kununua kadi aliyonayo rafiki yako. Yeye ana mashine kubwa ya kuchezea gemu, wewe una ile nyembamba ya ofisini. Nafasi ya PCI Express kwenye ubao mama inatoa wati 75 tu, basi. Kadi inayotaka zaidi ya hapo inahitaji waya wa ziada kutoka pawa saplai, na mashine hizi ndogo za ofisini nyingi zina pawa saplai ya wati 250 hivi, na waya huo hazina. Ukilazimisha, au kadi haitaingia kwenye kasha, au mashine itajizima yenyewe video inapoanza. Kumbe kadi ya kawaida kama Radeon RX 550, inayokula kama wati 50, inatosheka na nafasi yake, ipo ya umbo fupi kwa kasha jembamba, na draiva yake tayari imo ndani ya Linux yenyewe.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba neema hailiharibu umbile bali hulikamilisha. Mungu anakupa kadi inayoingia kwenye kasha lako. Kuna kijana anasoma maisha ya watakatifu, kesho yake anaanza mfungo wa siku tatu bila maji, Rozari nne kwa siku, na mkesha kila Ijumaa. Siku ya tano kajizima. Wakati dakika kumi za Injili kila asubuhi angeziweza.

Halafu kuna hili la waya, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mafundi wanalijua sana. Mtu ananunua kadi sahihi, anaiingiza vizuri, feni inazunguka. Anawasha: skrini nyeusi. Anasema kadi ni mbovu, anataka kuirudisha dukani. Fundi anachungulia nyuma ya kasha na kukuta waya wa skrini umechomekwa kwenye tundu la zamani, lile la ubao mama. Kadi mpya iko hai kabisa ndani, lakini skrini inasubiri picha kutoka tundu ambalo halina tena kazi.

Umeungama. Neema imo, usiwe na shaka. Ila bado umechomeka waya kule kule: kundi lile la WhatsApp ambalo kila usiku mnapeana picha za wasichana, kijiwe kile ambacho mwanamke hatajwi kwa jina lake bali kwa kiungo cha mwili. Halafu unashangaa huoni kipya! Aristotle, ambaye hakuwahi kusikia habari za Kitubio, alishaona kwamba tabia zetu hutengenezwa na matendo tunayoyarudia. Macho nayo yanafundishwa na kile unachoyapa kila siku.

Ndiyo maana Yesu alimtoa yule mtu nje ya kijiji kabla hajamgusa. Na alipokwisha kumponya alimtuma nyumbani kwake, akamwambia hata kijijini asiingie. Bethsaida ni mji ambao katika Mathayo 11 Yesu anaulaumu kwa kuona miujiza na kutotubu. Macho mapya hayakupaswa kuanzia mazoezi kule. Yalianzia nyumbani: mama, ndugu, jirani wa mlango wa pili.

Kwa hiyo ondoka kwenye lile kundi leo, usiage kwa hotuba. Na Jumamosi padre akikaa kitubioni, nenda useme kama yule kipofu, bila kupamba: Baba, naona, ila watu bado wako kama miti.

Na wewe unayeshughulikia kompyuta ya VIWAWA: kabla hujaenda dukani, pima kasha na usome wati zilizoandikwa ubavuni mwa pawa saplai. Siku ya kufunga kadi, chomoa waya wa umeme kwanza, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli utoke mwilini, ndipo uishike kadi. Na waya wa skrini, tafadhali, kwenye kadi mpya.

Tumsifu Yesu Kristo.