Kuwiwa

Kitenzi kuwiwa siku hizi nakisikia zaidi mimbarani, pale mhubiri anaposema anawiwa kuwaambia waumini neno. Mitaani tunasema kudaiwa, na wengi huona ni yale yale. Mimi naona si yale yale, na milima ya Uluguru inanionyesha tofauti hiyo kuliko kamusi.

Anayedaiwa ana mdai wake, mwenye kiasi na tarehe. Akilipa, wameachana. Anayewiwa huenda hajagongewa mlango na mtu. Kwa umbo kitenzi hiki ni cha ukoo wa kuwa, kama tunavyosema "niwie radhi". Nakisoma hivi: kuwapo kwangu kumemwegemea mwingine.

Mto Ruvu unaanzia Uluguru, na Dar es Salaam inakunywa Ruvu. Anayefungua bomba mtaani Sinza, jijini humo, alfajiri anawiwa na mkulima wa Kibungo Juu, huko mlimani, asiyemjua, aliyeiacha miti kando ya kijito badala ya kusogeza migomba mpaka majini.

Wakoloni walikwenda kwa njia ya kudai. Miaka ya 1950 Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi ili mvua isiporomoshe udongo. Kazi ilichosha, na kwa kuwa udongo wenye rutuba huko ni mwembamba, jembe lilileta juu ule usiozaa. Mwaka 1955 hasira ililipuka Matombo, huko huko Uluguru, mpango ukafa. Katika hesabu ile mdaiwa alikuwa mkulima peke yake. Aliyenufaika bondeni hakuandikwa popote.

Nusu karne baadaye mashirika ya CARE na WWF yalikuja na wazo la haki zaidi: watumiaji wa maji wa bondeni wawalipe wakulima wa Kibungo Juu wanaotunza udongo. Naliunga mkono kwa moyo wote, maana anayechimba matuta ya fanya juu mlimani anatoa jasho na sehemu ya shamba lake. Ila mradi una mwisho wake, na mlipaji akishalipa hujiona amemaliza.

Waluguru walikuwa na desturi inayonigusa zaidi. Aliyepewa shamba katika ardhi ya ukoo mwingine alimpelekea mkuu wa ukoo huo kitu kidogo kila mwaka. Kitu hicho hakikulingana hata kidogo na mavuno, wala hakikuwa bei. Kwacho alikiri kwamba ardhi ina wenyewe, na mwaka uliofuata alikuja tena, kwa kuwa hakuna kilichokuwa kimefutika.

Ningependa bili ya maji ya Dar es Salaam iwe na mstari mmoja wa namna hiyo: jina la Uluguru, na shilingi chache zinazopanda mlimani mwezi baada ya mwezi, bila tarehe ya mwisho.