Ng'ombe Asiyesikia

Neno letu "kusikia" limebebeshwa mzigo mkubwa. Twasikia sauti, twasikia harufu, twasikia baridi, njaa na maumivu. Kisha mtoto akiwa mkaidi, neno ni lile lile: hasikii. Kusikia na kutii tumevifunga kamba moja, na sikuwahi kuona ubaya wake mpaka msimu mmoja nilipokuwa nikilima mpunga Mwamkulu, nje kidogo ya mji wa Mpanda.

Nilikuwa na maksai wawili wa kukokota plau. Mmoja, mweusi, alianza kusimama katikati ya mraba. Mwanzo ilitosha kupaza sauti. Kisha ikabidi nimguse kwa fimbo, kisha nimpige, na siku ya tatu nilimpiga hata mkono ukaniuma mimi. Hakutikisika. Mzee jirani yangu akasema kutoka shambani kwake, "Huyo hasikii tena, bwana. Muuze."

Mchana tulipumzika kivulini. Nzi mmoja akatua ubavuni mwa maksai yule, na papo hapo ngozi ikatetemeka mahali pale pale, nzi akaruka. Nani asiyejua kwamba ng'ombe hutikisa ngozi? Nimeliona jambo hilo maisha yangu yote. Lakini siku ile nilishindwa kumaliza ugali wangu. Ngozi inayousikia mguu wa nzi imeshindwaje kuisikia fimbo ya mti mgumu?

Nikaenda nikamwinua nira iliyokuwa bado shingoni. Chini yake palikuwa na kidonda cha upana wa kiganja.

Msomaji, angalia hesabu aliyokuwa akiipiga mnyama yule. Nyuma kulikuwa na fimbo, mbele kulikuwa na nira juu ya kidonda. Alilinganisha maumivu mawili akachagua lililo dogo. Kusimama kwake, nilikokuita ukaidi, kulikuwa ndilo jibu lenyewe.

Yuko atakayesema kwamba kila chenye uhai hujibu kinapoguswa, basi tumwonee huruma kila kiumbe? Ni swali la haki. Kuna mmea uitwao kifauwongo. Ukiugusa hukunja majani yake kama aliyetishwa. Lakini kinachotokea ni kwamba maji hutoka katika seli zilizo kwenye vifundo vya majani, na jani huanguka. Mwaka 2014 wanasayansi walichapisha majaribio ambamo waliudondosha mmea huo mara nyingi ndani ya chungu chake bila kuudhuru, nao ukaacha kujikunja, kana kwamba umejifunza kuwa hakuna hatari. Na mpunga wetu wenyewe, mafuriko yakiufunika, gesi ya ethilini hukusanyika ndani yake kwa kuwa maji huizuia kutoka, na aina nyingi za mpunga hurefusha majani na mashina kuutafuta hewa. Huko nako ni kujibu, tena kwa ustadi. Hata hivyo nauvuna kwa mundu bila kuomba radhi, kwa sababu hauna mishipa ya fahamu wala ubongo wa kuyakusanyia maumivu yakawa ya mtu fulani. Pengine ningesema "ya nani fulani", maana ng'ombe si mtu, lakini naamini kuna nani ndani yake.

Basi kujibu hakuthibitishi kwamba kiumbe anaumia, na kutojibu hakuthibitishi kwamba haumii. Nilikuwa nimekosea upande ule wa pili, ulio mwepesi zaidi kukosea, kwa kuwa unampa faida mwenye fimbo. Jeremy Bentham wa Uingereza aliandika mwaka 1789 kwamba swali kuhusu wanyama si kama wanaweza kufikiri au kusema, bali kama wanaweza kuteseka. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inakataza ukatili. Lakini askari wa sheria hiyo haji mbugani alfajiri, na mvua haimngojei mwenye kidonda. Sitaki kujifanya mwema hapa. Nilipomfungua maksai yule nilikuwa nikiwaza pia magunia nitakayoyakosa, na kweli niliyakosa. Nusu ya shamba nilichelewa kuipanda. Jirani yangu aliniona mjinga, na kwa mtu mwenye watoto wa kulisha hakuwa na makosa kabisa.

Kidonda kilipona. Nira nikaichonga upya, nikaizungushia gunia. Maksai yule analima vizuri, na fimbo naishika kwa nadra. Ila hata sasa, nikiwa nimesimama mbele yake nikainua mkono kujikuna kichwa, hufumba macho.