Je, Picha ya Mnyama Aliyefungwa ni Picha ya Mwituni?

Mwalimu mmoja wa shule ametuletea swali, nasi tumeona yafaa kulijibu mbele ya wasomaji wote, maana si swali lake peke yake. Alikuwa na picha nzuri ya simba, nayo ilitundikwa ukutani darasani kwa muda wa miaka miwili. Mara nyingi aliwaambia watoto, "Tazameni, hivi ndivyo simba akaavyo nyikani." Siku moja aliishusha apate kupangusa vumbi, akaona nyuma yake maandishi madogo ya kwamba simba yule alipigwa picha katika bustani ya wanyama huko Ulaya. Sasa auliza: Je, nimewadanganya watoto? Na picha hii, niiondoe au niiache?

Huenda wengine wakacheka na kusema, "Simba ni simba. Manyoya ni yale yale, meno ni yale yale. Ukuta uliomzunguka una neno gani?" Maneno haya yana ukweli kiasi. Mtu atakaye kujua sura ya simba tu, aweza kujifunza kwa simba aliyefungwa sawasawa na kwa simba aliye huru. Lakini picha husema mambo mawili. Kwanza husema, "Mnyama huyu ana umbo hili." Pili, ikiitwa picha ya mwituni, husema tena, "Siku fulani mnyama huyu alikuwa akienda kwa hiari yake, akijitafutia chakula chake, na mtu alikuwapo akamwona." Neno hili la pili ni ushuhuda. Na ushuhuda haupimwi kwa uzuri wake, bali kwa kweli yake.

Yaliyotokea katika mashindano ya picha za wanyama yaonyesha jambo hili wazi. Mwaka 2009 mpiga picha wa Hispania, José Luis Rodríguez, alipewa tuzo kubwa ya mashindano yanayosimamiwa na Makumbusho ya Historia Asilia ya London, pamoja na pauni 10,000. Picha yake ilionyesha mbwa-mwitu akiruka juu ya lango la shamba usiku. Watu wengi waliistaajabia. Lakini Januari 2010 waamuzi waliiondoa, kwa kuwa walisadiki kwamba huenda mbwa-mwitu yule alikuwa amefugwa na kufundishwa, na sheria za mashindano zilikataza wanyama wa namna hiyo. Mwenyewe alikana. Hatumhukumu sisi. Twataka kuangalia neno moja tu: picha haikubadilika hata kidogo. Mruko ulikuwa ule ule, na lango lile lile. Hata hivyo watu waliona wamepotewa na kitu. Walipotewa na nini? Na ushuhuda.

Wala jambo hili si geni, tena latugusa sisi wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alikuja kuwinda katika nchi iitwayo leo Kenya. Kabla picha za kweli za safari yake hazijafika kwao, William Selig wa Chicago alimnunua simba, akatengeneza msitu wa bandia, akamweka mtu aliyeigiza kama Roosevelt, na simba akapigwa risasi mbele ya kamera. Watu walijaa kuitazama sinema hiyo, na wengi waliamini kwamba wameiona Afrika. Mwaka 1910 zilipotokea picha za kweli, zilizopigwa na Cherry Kearton, wengi waliziona hazina msisimko. Ndivyo ilivyo: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na wanywaji wakizoea tembo la maji, lile halisi huwashinda.

Tena uongo wa picha huweza kumwumiza yule asiyeweza kujitetea. Katika kisiwa cha Tasmania aliishi mnyama afananaye na mbwa, mwenye milia mgongoni, achukuaye watoto wake katika mfuko kama kangaruu. Tangu mwaka 1888 hata 1909 serikali ililipa fedha kwa kila mmoja aliyeuawa, kwa sababu alishitakiwa kuwa mwizi wa kondoo. Mwaka 1921 ilichapishwa picha ya mnyama huyu akiwa na kuku kinywani, nayo ilirudiwa mara nyingi kama uthibitisho wa tabia yake. Wataalamu walioichunguza baadaye wamesema kwamba haikupigwa mwituni: mmoja asema mnyama alikuwa katika ua, na mwingine asema ilikuwa ngozi iliyojazwa tu. Mnyama wa mwisho ajulikanaye alikufa kizimbani mjini Hobart mwaka 1936. Hatusemi kwamba picha moja ilikimaliza kizazi chake. Lakini ilisimama kama shahidi dhidi yake, na shahidi huyo hakuwapo mahali pa tendo.

Je, basi, tuseme kila picha ya mnyama aliyefungwa ni mbaya? La, hasha. Tumfikiri chura wa Kihansi, mdogo kama sarafu, aliyegunduliwa mwaka 1996 penye maporomoko ya mto Kihansi katika milima ya Udzungwa, nchini Tanzania. Maji ya mto yalipogeuzwa ili kuzalisha umeme, manyunyu aliyoyategemea yalipungua. Baadhi ya vyura walipelekwa Marekani kutunzwa; na mwaka 2009 ilitangazwa kwamba mwituni hawapo tena. Mwaka 2012 walianza kurudishwa kwao. Katika miaka ile ya katikati, atakaye kumpiga picha akiwa hai angempata wapi, isipokuwa katika chombo cha kioo? Tumfikiri na Sudan, dume la mwisho la kifaru mweupe wa kaskazini, aliyekufa Ol Pejeta, Kenya, mwezi wa Machi 2018, akiwa chini ya ulinzi wa watu wenye bunduki. Picha zake pamoja na watunzaji wake ni za kweli kabisa, na zaidi ya picha nyingi za mwituni zatuambia tumefanya nini. Hazifichi ulinzi wala ua. Hapo ndipo penye tofauti. Anayemficha mnyama kizuizi chake, amemficha na shida yake.

Wengine watauliza mpaka uko wapi, kwa kuwa hata mbuga nyingine zina ua kuzizunguka. Swali hili ni gumu, nasi hatutalifanya jepesi. Carl Georg Schillings, Mjerumani aliyepiga picha za usiku katika nyika za upande wa Kilimanjaro, aliwafunga punda na ng'ombe kwa kamba wawe chambo, ili simba wakija wamulikwe ghafula. Simba walikuwa huru. Ng'ombe hakuwa huru. Twaweza kumlaumu kwa ajili ya mateso ya ng'ombe yule, lakini hatuwezi kumwita mwongo, maana katika kitabu chake cha mwaka 1905 aliieleza njia yake waziwazi. Na mwaka 2014 vyama vikubwa vya wapiga picha vilipatana kwamba picha ya mwituni ni ile ya kiumbe aliye huru, asiyezuiwa, katika makao yake. Picha za bustani za wanyama zina mahali pake pengine. Twaona hukumu hii ni ya haki. Haimfukuzi mtu, yamtaka kila mmoja aitwe kwa jina lake. Yuko mtu alalaye porini majuma mawili apate kumwona chui mara moja, na yuko mtu alipaye fedha afunguliwe kizimba. Kuwapa wote wawili jina moja ni kumwibia yule wa kwanza, na kumpumbaza atazamaye.

Basi twamjibu mwalimu wetu hivi. Ndugu, hukudanganya, maana hukujua. Lakini tangu siku uliyoyasoma maandishi yale, umekuwa mwenye kujua, na kunyamaza kwako sasa kutakuwa neno jingine. Usiiondoe picha. Iache ukutani, na chini yake uandike kwa herufi kubwa, zisomwe na mtoto wa nyuma kabisa: "Simba katika bustani ya wanyama, Ulaya." Kisha waulize watoto, "Mwamwona simba; je, ni kitu gani ambacho picha hii haikutuonyesha?" Huenda siku hiyo wakajifunza zaidi kuliko katika miaka miwili iliyopita.