Bomba Moja, Milango Miwili

Kule Umoja na Kayole, Nairobi, ploti nyingi hutegemea bomba moja la maji. Wa chini akilifungua lote, wa juu hukauka. Intaneti ya nyumbani nayo ni hivyo hivyo.

Nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, zikipita chini ya bahari. Leo waya mwembamba wa faiba hupanda ngazi za ghorofa, ukaingia nyumba moja, na mawimbi ya rauta yakapenya ukuta hadi kwa jirani. Mmoja ana akaunti. Mwingine anachangia mwisho wa mwezi.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mtoto aliyepewa neno la siri la jirani alipata somo. Asiyepewa alilikosa. Kugawana neno hilo ndio ujirani wa kweli!

Ila jioni, sinema ikichezwa huku, somo la kule hukwama. Na mmoja akichelewesha mchango, hukatiwa wote. Haya huzungumzwa mapema, kabla ya lawama.

Basi msikilizaji, kabla hujashuka kwenda stejini, bisha hodi mlango wa pili. Muulize jirani watoto wake husoma saa ngapi.