Kujiandaa Si Kukosa Imani

Likizo ya Agosti inakaribia na vijana wanapanga safari: Longonot, Hell's Gate, wengine Mlima Kenya kwenda kuomba. Ni vizuri. Lakini mara nyingi ukiuliza mmejiandaa vipi, unajibiwa, "Tumeomba, Mungu atatulinda." Je, ukishaomba, umemaliza?

Wana wa Israeli walikuwa na ahadi ya Mungu mwenyewe juu ya Kanaani. Hata hivyo Musa aliagizwa atume watu kumi na wawili waipeleleze nchi kwanza. Ahadi haikufuta upelelezi. Na shetani alipomwambia Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu, eti malaika watamdaka, Yesu alikataa. Kumbe kuna ujasiri ambao ni kumjaribu Mungu.

Tuangalie Hell's Gate. Lile korongo ni jembamba na kuta zake ni ndefu. Mvua ikinyesha mbali kwenye miinuko, maji hukusanyika na kushuka humo ghafla, hata kama pale uliposimama jua linawaka. Mwaka 2012 kikundi cha vijana wa kanisa kilikutwa na maji hayo, watu saba wakafa. Mwaka 2019 mafuriko yaliua tena pale pale. Hatuwahukumu marehemu, wala hatusemi walikosa imani. Tunasema maji hayaulizi nani ameokoka.

Mlima Kenya nao, kilele cha Lenana kiko mita 4,985. Usiku ni barafu. Mtu akipanda haraka, kichwa kinamuuma, anatapika, anaanza kuchanganyikiwa. Huyo anahitaji kushushwa mara moja. Kiongozi asiyejua hilo atasema ni vita vya kiroho, na kumhimiza akaze mwendo. Hapo atamuua akidhani anamtia moyo.

Uzito wa jambo uko hapo. Yule msichana wa shule hakuchagua njia, amekufuata wewe. Mama yake amelala kwa sababu amekuamini. Imani yako haitampa joto kama hukumwambia abebe sweta. Kumpenda jirani ni pamoja na kujua unampeleka wapi.

Kwa hivyo, ulizeni askari wa KWS getini kuhusu mvua, na wakisema msiingie, geukeni. Tafuteni mwelekezi anayeijua njia. Bebeni maji, nguo za baridi na za mvua, tochi, na simu yenye chaji. Mwachieni mtu nyumbani majina yenu, njia mtakayopita na saa ya kurudi. Pangeni pia saa ya kugeuka, mfike kileleni msifike.

Viongozi wa vijana, Jumapili hii kabla hatujawaombea safari njema, kaeni chini muandike hayo yote kwenye karatasi. Kisha mje nayo madhabahuni, tuiombee pamoja nanyi.